Corolla 110 imebaki na gia ya tatu na ya nne tu, fundi anataka kushusha giaboksi

Wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, gia za mkono, nimeachiwa na mzee wangu. Jumamosi nilikuwa natoka Mikumi kurudi Morogoro. Kufika kwenye matuta nikatafuta gia ya pili, mkono wa gia ukaenda kushoto kilaini kama mwiko kwenye uji, ila iliyoingia ni ya nne. Nikitafuta namba moja inaingia tatu. Tano na rivasi hazipo kabisa. Nimefika nyumbani kwa kuondokea tatu, klachi inanuka, na kuliingiza gari uani tumesukuma.

Fundi amekaa kwenye kiti, akachezesha mkono mara mbili, akasema giaboksi imekula meno, ishushwe, laki tatu na nusu. Boneti hata hajafungua. Nimpe?

Spana 12
Usimpe hata mia kwanza. Umejieleza vizuri mno, jibu liko humo humo kwenye maneno yako.

Gari hilo lina kebo mbili za gia. Moja inasukuma mbele na nyuma, nyingine inachagua mstari: kushoto kwa moja na mbili, katikati kwa tatu na nne, kulia kwa tano na rivasi. Ile ya kuchagua ikikatika au ikichomoka, springi ya ndani ya giaboksi inarudisha kila kitu katikati. Ndiyo maana ukitaka mbili unapata nne. Meno yakiliwa utasikia kelele au gia itaruka, haiwezi kukubadilishia namba kwa mpangilio huo.

Zima injini, vuta breki ya mkono, fungua boneti. Mtu mmoja ndani achezeshe mkono kushoto na kulia, wewe tazama juu ya giaboksi kebo zinapoishia. Ncha ya kebo ikicheza lakini mkono mdogo wa giaboksi haufuati, bushi (kile kipete kidogo kwenye jicho la kebo) au klipu inayoishikilia imetoka. Ncha isipocheza kabisa, kebo imekatika, au imechomoka huku ndani chini ya mkono wa gia. Kama vyote vinacheza hadi mwisho na gia bado haziji, hapo ndipo fundi wako anaweza kuwa na hoja.

Mzee wa Mkweche
Waya wa kufungia nondo, plaizi, dakika tano. Mimi nimetembea nao miezi minane 😂

Spana 12
@Mzee wa Mkweche wa kufikia gereji sawa. Miezi minane hapana. Siku ukachomoka unashuka mlima Kitonga na unaitaka gia ya pili, utatusimulia.

Wa Nakuru
Pole ndugu. Huku kwetu hizo 110 bado ziko nyingi. Yangu kebo yenyewe ndiyo ilikatika, mpira wa mwisho ulikuwa umepasuka, maji yakaingia, kutu ikamaliza kazi. Nilienda Kirinyaga Road nikauziwa ya injini tofauti, ikawa fupi, nikarudi Nairobi mara ya pili kwa hasira. Toa ya zamani uende nayo mkononi, mlinganishe urefu na matundu ya ncha zote mbili. Na usimiminie grisi ndani ukidhani unasaidia, inanasa vumbi tu.

Wa Kihonda
Mrejesho. Leo asubuhi tumefanya, mimi na mdogo wangu. Juu ya giaboksi ncha ya kebo moja haikucheza hata kidogo. Nikajua imekatika, nikaanza kuhesabu nauli ya kwenda Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea. Mdogo wangu akasema tufungue kwanza lile kava la plastiki la katikati. Skrubu nne na matusi kidogo. Kebo ni nzima kabisa! Jicho lake limechomoka kwenye pini, bushi imesagika imebaki unga, klipu tumeiokota chini ya kapeti pamoja na sarafu za mzee.

Spana 12
Safi sana huyo mdogo wako. Tafuta bushi, hata ya mtumba ilimradi ibane, na klipu mpya, hiyo ya zamani imeshalegea. Ukirudisha hakikisha mkono na giaboksi vyote viko huru. Halafu angalia mauntini za injini, yale mapira yanayoishikilia: injini ikicheza sana inavuta hizo kebo kila unapoachia klachi, na bushi mpya haitakaa.

Wa Kihonda
Bushi na klipu nimepata kwa elfu nane hapa hapa Moro. Moja, mbili, tano, rivasi, zote zinaingia. Mauntini ya mbele imepasuka kweli, naibadilisha mwisho wa mwezi. Fundi amenipigia jioni kuuliza gari nalileta lini, nimemwambia lipo safarini.

Mzee wa Mkweche
Hiyo klipu ya zamani usitupe, niuzie.