Tupeane uzoefu: kukoroma, kukatika pumzi usingizini na hivi vipimo vya damu

Wakuu, habari za humu. Nina presha isiyosikia dawa. Wife anasema nakoroma, nanyamaza kabisa, kisha nashtuka kama nimekabwa. Maabara moja imenishauri nipime damu "kiwango cha oksidishaji", eti kikiwa juu basi apnia ya usingizi, yaani huku kukatika pumzi, ni kali. Kuna aliyepitia?

BintiTanga: Pole kaka. Baba yetu alikuwa anasinzia hadi mezani, kijiko mkononi. Alilala hospitali amefungwa nyaya kichwani na kifuani, na kile kibanio cha oksijeni kidoleni. Wanahesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa: 5 mpaka 14 nyepesi, 15 mpaka 29 ya kati, 30 na kuendelea kali. Ya baba ilikuwa kali. Damu walitoa ya sukari na mafuta tu.

Mzee wa Sampuli: Niko maabara, ngoja nifafanue. Koo likiziba oksijeni inashuka, ukizinduka inapanda ghafla. Hilo likijirudia usiku kucha, mwili unazalisha chembechembe kali za oksijeni zinazoharibu mafuta ya kuta za seli; huo ndio oksidishaji. Mabaki yake mojawapo ni malondialdehaidi, na ndiyo wengi wanaipima. Tafiti nyingi zimeikuta juu kwa wenye apnia, hasa iliyo kali. Shida ni kwamba sigara nayo inaipandisha, kisukari pia, kitambi pia. Hata sampuli ikikaa vibaya jibu linabadilika. Hicho ni kipimo cha watafiti, hakuna daktari makini atakayekuandikia mashine ya hewa ya kulalia kwa jibu hilo.

Mleta mada: Duh! Na bei waliyonitajia!

Kaka Mkoromaji: Mimi nilishauziwa vidonge vya antioksidanti, eti vinazuia huo uharibifu wa oksijeni. Nikameza chupa nzima, mkoromo palepale. Kidonge hakifungui koo bwana. Natumia mashine ya CPAP, inasukuma hewa koo lisizibe. Barakoa ya kwanza ilinichubua pua, nikabadilishiwa saizi. Sasa siamki na kichwa kinauma, na presha imeanza kusikia dawa.

BintiTanga: Mleta mada, mwambie shemeji akurekodi kwa simu ukiwa umelala, umpelekee daktari wa pua na koo. Sisi ndivyo tulivyopata rufaa. Na usiguse pombe wala dawa za usingizi, zinalegeza koo zaidi.