Naomba ushauri: Krismasi ukweni Mafinga au kukuzia mahindi Uyole?

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mke wangu tunaishi Uyole, Mbeya, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 5 anayetarajiwa kuanza darasa la awali Januari na mwingine wa miezi 7. Tangu tufunge ndoa hatujawahi kula Krismasi ukweni Mafinga, na safari hii mama mkwe amekwisha kututengea jogoo, jambo ambalo kwetu si dogo.

Tatizo ni kwamba mvua za huku ni za msimu mmoja, na ekari moja na nusu ya mahindi tuliyopanda mwishoni mwa Novemba itahitaji palizi na mbolea ya kukuzia katika juma lilelile la sikukuu. Vibarua wapo, lakini niliwahi kumwachia mtu mbolea, na niliporudi sikuelewa nusu yake ilikokwenda. Fedha tuliyo nayo haitoshi nauli, urea na sare za shule kwa pamoja.

Mke wangu amependekeza atangulie na watoto, mimi nibaki. Lakini kumpakia mtoto mchanga katika basi lililojaa kunanitia wasiwasi, na kusema kweli sipendi kuonekana mkwe anayetuma familia badala ya kufika mwenyewe.

Je, ni busara kuomba tuahirishe hadi Mwaka Mpya, na nani anapaswa kulifikisha neno hilo kwa mama mkwe, mimi au mke wangu?