Mjadala: Kinamasi cha Yala tukitembelee na kukilinda, au kilimwe?

MLETA MADA: Wadau, kuna wanaosema hekta 17,500 hivi za kinamasi cha Yala, kule Siaya na Busia, magharibi mwa Kenya, ni ardhi iliyolala, ilimwe watu washibe. Siafiki. Mto Yala hufika pale na tope na mbolea ya mashamba ya juu, na mafunjo huyachuja kabla maji hayajaingia Ziwa Victoria. Akina mama hukata mafunjo hayohayo, huyaanika na kusuka mikeka ya kuuza. Isitoshe, ndani yake mna Ziwa Kanyaboli, ambako bado yupo samaki aina ya ngege wa asili aliyetoweka ziwa kuu baada ya mbuta na samaki wengine wa kigeni kuletwa. Tukikausha hapo, tutamtoa wapi tena?

Ombi langu ni twende. Tunajibana mwaka mzima tufike Maasai Mara, na Kanyaboli hatuijui! Nenda alfajiri, ukodi mtumbwi, umlipe mpiga kasia, urudi na mkeka. Ukibahatika utamwona nzohe, swala wa kinamasini: kwato zake ndefu zilizotanuka humwezesha kutembea juu ya mafunjo yaliyolala, na akishtuka huzama akabakisha pua tu.

MCHANGIAJI: Ndugu, mimi ni wa huku Alego, jirani na kinamasi. Nzohe tunampenda, ila karo hailipwi kwa nzohe. Mgeni huja leo, ukamwona tena mwakani. Mpunga huvunwa kila msimu. Halafu hifadhi ikishawekewa askari, wa kwanza kufukuzwa kwenye mafunjo ni mama zetu.

MLETA MADA: Hilo la askari nakuunga mkono kabisa, na hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya watetezi wa mazingira. Mafunjo yakikatwa kwa zamu huchipua tena. Kumfukuza mama anayeyakata ni dhuluma. Lakini mpunga umeshajaribiwa. Kampuni ya Kimarekani, Dominion, ilianza mwaka 2003, ikajenga matuta, ikalima, mwishowe ikaondoka. Kweli, pesa za wageni peke yake hazitoshi karo. Ziongezee za mikeka na za samaki, na zote zinategemea maji yaleyale. Kiingilio kikusanywe na kamati ya wanakijiji, hesabu zisomwe barazani kila mwezi, akina mama wawe na viti humo. Watu wa Alego, Yimbo na Bunyala, kamati ya namna hiyo mtaiamini? Kama hapana, mnataka nani ashike pesa hizo?