Panya akiacha kula baada ya sindano, kashiba au anaumwa?

Chipukizi_Baiolojia: Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe. Tumefundishwa CCK, ile homoni ya peptidi inayotoka utumbo mwembamba ukila mafuta na protini, kwamba mwaka 1973 Gibbs, Young na Smith waliwadunga panya nayo wakala kidogo, ikasemwa hii ndo inaleta shibe. Sasa hata mimi ukinidunga kitu kikanichefua sitakula, nayo itaitwa shibe? Na panya mwenyewe hasemi.

Mzee_wa_Vizimba: Swali zuri kijana, na wao walijiuliza hilohilo. Panya wenye kiu walidungwa wakapewa maji, wakanywa kama kawaida, wangekuwa wamechefuka hata maji wasingeyataka. Afu kuna panya anawekewa kijibomba tumboni, akinywa chakula cha majimaji chote kinamwagikia nje kwa hiyo hashibi, yeye anakula tu, ila ukimpa CCK anaacha, anajilamba manyoya, anazungukazunguka kidogo, analala, yaani vilevile anavyofanya panya aliyekula akaridhika. Mie hiyo ya kujilamba ndo huwa inanimaliza.

dadaSayansi: Mzee uko sahihi ila usimfiche, dozi ikizidi hata CCK inachefua. Na panya hawezi kutapika, kwa hiyo watu wanamwekea udongo wa kaolini kizimbani, tumbo likivurugika anautafuna, wajawazito na pemba kabisa 😂

Kitambi_Noma: Sasa kama inashibisha kweli mbona haiuzwi sisi tupungue?

Mzee_wa_Vizimba: @Kitambi_Noma panya wajanja mkuu. 1984 kina West walifunga mtambo unaomdunga panya kila akianza mlo, kweli kila mlo ukawa mdogo, ila akaongeza idadi ya milo, mwisho wa siku chakula karibu kilekile. CCK inamaliza mlo huu tu, haijui akiba ya mafuta mwilini, hiyo kazi ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Tena ukikata neva ya vagasi inayotoka tumboni kwenda kwenye ubongo, ile sindano ya tumboni karibu haifanyi kitu, maana ujumbe unapitia humo.

Chipukizi_Baiolojia: Asante sana Mzee, kumbe maji ndo yalitoa jibu. Na homoni ya ghrelini nayo wanaipimaje, maana ile inaongeza njaa?

dadaSayansi: Hiyo rahisi, panya aliyeshiba ukimdunga anarudi kula. Aliyeumwa harudi sahanini.