Skrubu ya sailensa kwenye kabureta: aguse mwenye gari au aachiwe fundi?

Mjukuu_wa_Same: Wakuu, nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600, nimeirithi kwa babu. Ikishapata moto inazima kwenye foleni. Fundi wa chini ya mwembe kaja na bisibisi, kakaza skrubu ya kwenye mkono wa akseleta mpaka gari linanguruma kama trekta, kachukua hela kaondoka. Sasa halizimi, ila nikiachia mafuta linaendelea kuvuma na linanuka petroli. Naona wenye magari ya zamani tujifunze kurekebisha sailensa wenyewe, yaani mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Mnasemaje?

Fundi_Keko: "Fundi wa chini ya mwembe" ndiyo nini? Huo mwembe umenisomeshea watoto. Ulisema lisizime, halizimi. Unalalamika nini?

Rukia_Tanga: Kaka Fundi, skrubu aliyoikaza siyo. Kama kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, haijabadilishwa, hiyo ni Solex 34 PICT-3. Ile ya mkononi unairudisha nyuma mpaka iguse tu ngazi ya chini kabisa ya choki (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi), unaongeza robo mzunguko, basi, usiiguse tena. Sailensa inarekebishwa ubavuni mwa kabureta, kwenye skrubu mbili: kubwa ni ya mwendo wa injini, ndogo ni ya mchanganyiko. Ndogo ifunge taratibu bila kuikaza, ncha yake inaharibika, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Injini iwe ya moto, choki imefunguka yote, poinsi na taimingi (vya kupanga cheche za plagi) viko sawa. Halafu zungusha kubwa mpaka injini ifike kama mizunguko 850 kwa dakika. Ukilazimisha kipepeo, kile kibati cha kupitisha hewa ndani ya kabureta, kikae wazi, petroli inapita kwenye matundu mengine, ile ndogo haifanyi kazi tena. Na kabla ya yote, washa swichi usikilize valvu ya umeme kwenye kabureta. Isipogonga "tik", gari litazima hata ukeshe nalo.

Mzee_504: Yote haya kwa gari la mapadri! Sisi tulinunua Peugeot, gari la mashindano ya Safari Rally. Hilo lenu lilishinda lini?

Bahati_Nairobi: Shikamoo mzee, lakini hapo umetukosea. Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot ilisubiri mpaka 1963.

Mzee_504: Marahaba. Na baada ya hapo Peugeot 404 ikachukua miaka sita mfululizo. Nilikuwa nasikiliza redioni.

Bahati_Nairobi: Sita hapana. Ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Katikati, 1964 ilikuwa Ford Cortina, na 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant wakashinda kwa Volvo.

Mzee_504: Na 1975? Ove Andersson aliendesha nini? Peugeot 504! Usiruke miaka inayokuuma.

Fundi_Keko: Ahsante kwa kumtaja Joginder. Yule alikuwa fundi. Kashinda Safari mara tatu na mikono yake inaijua spana. Mngemkuta chini ya mwembe mngemwitaje?

Mjukuu_wa_Same: Fundi, sijaudharau ufundi. Dada Rukia, nimerudisha ile ya mkononi, valvu inagonga vizuri. Lakini nikizungusha ile ndogo, sauti ya injini haibadiliki hata kidogo.

Rukia_Tanga: Basi jeti ya sailensa, kile kitundu cha kupitisha petroli, imeziba, au kuna hewa inaingia kwenye gasketi chini ya kabureta. Angalia pia mhimili wa kipepeo, ukilika unavuta hewa pembeni. Hapo skrubu hazikusaidii mpaka uvujaji uzibwe.

Bahati_Nairobi: Na akipanda nalo huku kwetu, zaidi ya mita 1,600, arekebishe upya. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi zinapata masizi.

Fundi_Keko: Sasa mmefika nilipotaka. Kufungua kabureta, kuzibua jeti, kutafuta hewa inapoingia, kuweka poinsi, hiyo ni nusu siku. Mwenye gari anakuja na hela ya dakika tano, anasimama anaangalia saa. Nikimwambia tufungue, ananiita mwizi. Ndiyo maana mtu anakaza ya mkononi anaondoka. Mbona hili hamlijibu?

Mzee_504: Kwenye malipo una haki, nakuunga mkono. Lakini mbona mkifungua kabureta, wakati wa kufunga skrubu zinapungua?

Fundi_Keko: Mzee, kwa heshima zote: kabureta gani, na fundi yupi? Usituchanganye wote.

Mzee_504: Ya 504 yangu. Waya badala ya skrubu, mpaka leo. Picha naleta jioni.