MJADALA: LATRA ilipobana kamisheni ya teksi mtandao kuwa asilimia 15, dereva alipata au alipoteza?

Mleta mada

Wakuu, habari za kazi. Juzi usiku nilipanda teksi ya mtandao, Toyota IST, kutoka Mwenge kwenda Tabata. Dereva kijana, mchangamfu, tukapiga stori njia nzima. Nikamuuliza ile miezi ya 2022 Uber walipozima mtambo hapa Bongo alikuwa anaishije. Akacheka. "Braza, barabara ile ile, abiria wale wale, nilihamia tu mtandao mwingine. Ila tulikuwa tumejazana huko kama dagaa."

Kwa waliosahau: Machi 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilitoa nauli mpya na kuweka ukomo wa kamisheni asilimia 15, wakati kampuni zilikuwa zimezoea kukata 25 na hata zaidi. Aprili Uber wakasimamisha huduma. Agosti Bolt nao wakabana, wakabaki na wateja wa makampuni tu. Mwaka haujaisha vizuri ukomo ukarudishwa 25, na ada ya oda asilimia 3 juu yake. Januari 2023 Uber hao, wamerudi.

Hadi leo kijiweni watu hawaelewani. Kuna wanaosema serikali ilitunishiwa misuli ikanywea. Wengine wanasema iliingilia biashara isiyoijua, dereva akala hasara. Mimi niliwahi kuendesha mtandao mwaka mmoja na nusu, na msimamo wangu ni huu: ile 15 ilikuwa halali kabisa ya dereva. Kosa ni kwamba iliwekwa peke yake, kama mtu anayeziba tundu moja kwenye ndoo yenye matundu matatu. Karibuni, ila tujadili kwa hesabu.

Dereva wa IST

Unataka hesabu, mkuu? Chukua ya jana, nimeiandika kwenye simu kwa sababu mke wangu haamini.

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, nimezima saa moja usiku. Tripu 12, jumla 84,000. Mtandao umekata robo yake, 21,000. Imebaki 63,000. Mafuta 27,000. Hesabu ya tajiri, yaani ya mwenye gari kwa siku, 25,000, hiyo hata ukipata homa inamsubiri. Imebaki 11,000. Kuosha gari 3,000, maana abiria akikuta vumbi anakupa nyota mbili. Chai na wali maharage 3,500. Bando 1,000. Nimeingia nyumbani na 3,500.

Na kabla hujauliza kwa nini mafuta mengi: gari limetembea kilomita 112. Zilizolipiwa ni 73. Hizo 39 nyingine nilikuwa namfuata abiria au narudi mjini mtupu. Unaitwa Sinza ukiwa Makumbusho, ukifika anakwambia "samahani kaka, nimeshapata bajaji."

Abiria wa Mbezi

Pole kaka, lakini na sisi tusikilizwe. Kabla ya hii mitandao nilikuwa nikishuka basi saa tisa usiku na mtoto mgongoni, dereva wa teksi anaangalia viatu vyangu ndipo anataja bei. Elfu arobaini. Ukilalamika anakwambia "dada, panda bodaboda basi", na anajua fika usiku ule siwezi. Leo naiona bei kabla sijapanda, naona namba ya gari, namtumia dada yangu ramani anifuatilie hadi mlangoni. Mkitaka kunirudisha kule, mnirudishe bila mimi.

Kero yangu ni moja. Unaita gari, simu inaita: "Dada unaelekea wapi? Unalipa keshi au kadi? Kwako inaonyesha shilingi ngapi?" Ukijibu, kimya. Dakika tatu baadaye: "Naomba ukanseli dada, gari imepata pancha." Hizi pancha za Dar zinatoka wapi?

Dereva wa IST

Hahaha, pancha ni kadi. Keshi naweka mafuta hapo hapo. Ya kadi naisubiri, na sheli hawakopeshi.

Mleta mada

Ngojeni kwanza, msiikimbie ile hesabu yake, maana ndiyo mada yenyewe.

Chukua siku ile ile, kamisheni iwe 15. Mtandao unakata 12,600 badala ya 21,000. Tofauti ni 8,400. Mafuta yaleyale, hesabu ileile, wali uleule. Kwa hiyo 8,400 yote inaangukia mfukoni mwake: badala ya 3,500 anaondoka na 11,900. Zaidi ya mara tatu! Abiria hajaongeza hata mia.

Ndiyo maana mtu akiniambia "pointi kumi tu, mnapiga kelele za nini", najua hajawahi kushika usukani kwa hesabu. Mtandao unakata kwenye jumla, dereva anakula kwenye masalia. Wote walioko mbele yake kwenye foleni wanapokea chao kizima: mtandao, sheli, tajiri. Yeye ndiye wa mwisho kwenye sinia. Kila kinachotikisika mjini, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ikitangaza bei mpya ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, mvua ikijaza Jangwani, foleni ya Ubungo, kinatikisa kwake tu. Mwaka 2022 lita ilipovuka 3,000 mlisikia tajiri yeyote ameshusha hesabu?

Tajiri wa gari moja

Sasa hapo mmenifikia. Kwanza hilo jina tajiri linanichekesha. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilichukua mkopo nikanunua IST kwa milioni 14. Hiyo 25,000 mnayoiona kama ulafi wa fisi, kwa siku 24 za mwezi ni laki sita. Toa marejesho, bima kubwa, leseni ya LATRA, matairi manne, sevisi. Dereva wa kwanza alinirudishia gari limegongwa ubavu, akasema "bosi, nimelikuta hivyo". Eti liligongwa likiwa limeegeshwa! Wa pili alikuwa analaza hesabu siku tatu mfululizo halafu hapatikani hewani.

Mnasema risiki yote iko kwa dereva. Gari likifa ni la nani? Dereva anahamia gari jingine kesho yake. Mkopo ninabaki nao mimi.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo, na hoja yako ina uzito. Sikatai kwamba gari ni lako. Ninachosema ni kwamba hesabu ya siku ilizaliwa enzi za kijiwe, dereva alipokuwa anapanga nauli yake mwenyewe. Mafuta yakipanda, anapandisha. Sasa nauli anapangiwa na mtu asiyemjua, halafu hesabu imebaki ya enzi zile. Kabanwa mbele na nyuma.

Na hiyo ya "dereva anahamia gari jingine" nikupe ya kwangu. Nilikuwa kwenye mkataba: napeleka fedha kila wiki, miezi 24 ikiisha gari langu. Mwezi wa 17, asubuhi, nafungua simu nakuta akaunti imefungwa. Abiria amelalamika. Nani, safari ipi, lini? Sikuonyeshwa. Nilikwenda ofisini kwao, mlinzi akaniambia mambo hayo ni ya kwenye simu, andika ujumbe. Niliandika. Lilirudi jibu moja la maneno yaleyale mara nne. Wiki tatu bila kupeleka kitu, mwenye gari akaja na funguo ya akiba, akachukua gari lake kwa mujibu wa mkataba. Siku hiyo niliona jasho la miezi 17 linaondoka kinyumenyume getini. Simlaumu mwenye gari, alikuwa na mkopo kama wewe. Lakini mtu kugeuzwa ombaomba na ujumbe usio na jina la aliyeuandika, hilo hakuna kanuni ya kamisheni inayoligusa.

Mzee wa kijiwe

Vijana mnalia, sisi tulishalia tukamaliza. Nina teksi tangu enzi za Corolla. Tulipakwa mstari wa rangi ubavuni, tukawekewa namba nyeupe, tukalipia kituo manispaa. Kisha wakaja watu wanaokota abiria mbele ya kijiwe chetu, hawana mstari wala kituo. Nauli yao nusu ya yetu. Tukasema hii nauli haijengi gari, tukaitwa wazee wasiotaka teknolojia.

Leo na nyinyi mnasema nauli haijengi gari. Karibuni kijiweni, benchi bado lipo.

Ila dada wa Mbezi umesema kweli. Ile ya kutazama viatu tuliifanya.

Wa Nairobi

Majirani, hapa kwetu hiyo vita ya asilimia tulishaipigana. Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, za 2022 zilisema kampuni isikate zaidi ya asilimia 18. Uber wakaenda kortini, baadaye wakachukua leseni kama wengine. Tukashangilia. Lakini madereva wameendelea kugoma, kwa nini? Kwa sababu 18 ya nini? Kampuni ndiyo inapanga nauli. Ukiibana kwenye asilimia, inabaki na mkono wa kushusha bei ili kuvutia wateja, na ushindani wa Uber, Bolt, Faras, Little na wengine unaivuta bei chini kila siku. Ukipunguziwa makato kwa nauli iliyoshuka, unabaki palepale na Vitz yako.

Ndiyo maana 2024 madereva hapa walichapisha orodha ya bei zao wenyewe wakawa wanamwonyesha abiria ndani ya gari: programu inasema hivi, sisi tunasema hivi. Wengine walikubali kulipa, wengine walishuka. Uber ikasema huko ni kukiuka masharti yake. Mimi niliiona karatasi hiyo, imepigwa plastiki vizuri, imening'inia nyuma ya kiti kama menyu ya hoteli.

Abiria wa Mbezi

Hapo ndipo mtatupoteza. Bei mbili kwenye gari moja ni kule kule kwenye viatu.

Mdau wa Birmingham

Nami niongeze la huku Uingereza. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva waliofungua kesi dhidi ya Uber hawakuwa wafanyabiashara huru, ni watu wenye haki za kazi. Majaji walitazama hayo hayo mnayoyasema: nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, nani anaweza kukufungia. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kima cha chini cha mshahara na malipo ya likizo, lakini ikihesabu kuanzia dereva anapokubali safari. Muda wa kusubiri, wake mwenyewe.

Swali langu: nyumbani mmewahi kuitazama Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61? Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja kinatimia. Kimojawapo ni kuwa amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Yule ndugu wa IST anazimaliza kwa siku nne.

Dereva wa IST

Mkuu wa Birmingham, mimi kuajiriwa sitaki. Asubuhi mtoto akiumwa nazima simu nampeleka hospitali, siombi ruhusa kwa mtu. Nikiajiriwa nitapangiwa shifti. Nipeni nauli ya maana na mniambie nimefungiwa kwa kosa gani. Hayo mengine ya mahakamani wasomi mtanisaidia.

Tajiri wa gari moja

Na ukiajiriwa, mwajiri ni nani? Mtandao au mimi? Maana nikiambiwa ni mimi, NSSF yake nitaitoa wapi?

Mleta mada

Swali zito hilo, Mwalimu, na naona ndilo litakalokwamisha kila kesi hapa kwetu. Uingereza dereva wengi gari ni lao au wamekodi kwa kampuni. Hapa kuna mtu wa tatu katikati.

Basi niseme ninachokitaka, mnipinge. Kwanza, nauli ya chini kwa kilomita, iwe inafuata bei ya EWURA yenyewe, sio kusubiri kikao. Daladala nauli yake inajulikana na hatuiti hiyo ni kuua biashara. Pili, kilomita za kumfuata abiria zikizidi mbili zilipwe kitu. Dada wa Mbezi, hiyo itakuondolea pancha zako nusu. Tatu, hakuna kufunga akaunti bila kutaja safari, malalamiko, na mtu wa kumwona uso kwa uso. Kamisheni hata ikibaki 25, kwa masharti hayo dereva anapumua. Ikishuka 15 bila hayo, tutaishia kama Nairobi.

Mzee wa kijiwe

Nauli ya chini mtaiweka, halafu kwenye mtandao wa inDrive abiria anataja bei yake na dereva mwenye njaa anaikubali. Nani atamkamata? Mimi nimewahi kumpeleka mtu Kariakoo kwa bei ya bajaji kwa sababu sikuwa na ya mboga. Hakuna askari aliyekuwepo kunizuia.

Mleta mada

Mzee, hapo sina jibu.

Dereva wa IST

Jamani niwaache, rikwesti imeingia. Kinyerezi hadi Segerea, 6,500. Kumfuata kilomita 4. Niende?

Abiria wa Mbezi

Mpigie umuulize kama analipa keshi 😂