Huduma za kulipia gemu kila mwezi zinaua gemu nzuri, na sisi tunashangilia

Wadau, nimenyamaza vya kutosha. Jana usiku hapa Umoja, Nairobi, nimewasha mashine nimalizie gemu niliyokuwa nayo wiki nzima, nakuta imeondolewa kwenye orodha ya huduma ninayolipia. Picha yake ipo palepale, imepigwa kufuli. Sevu yangu, yaani pale nilipofikia, ipo, lakini kuifungua hakuna. Na hela ya mwezi walishakata!

Hilo langu ni dogo. Kinachoniuma ni wanaotengeneza. Hi-Fi Rush ilitoka Januari 2023, siku hiyohiyo ikawekwa kwenye Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi. Gemu ya ngumi ambayo kila pigo linakwenda na mdundo wa muziki. Mwaka ule sikuona nyingine ya kufanana nayo. Waliicheza watu zaidi ya milioni 3. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga Tango Gameworks, studio iliyoiunda. Ikabidi kampuni ya gemu ya Krafton ya Korea Kusini iwaokoe Agosti.

Sasa mchezaji angefanya nini zaidi ya kuipenda? Ukilipa kwa mwezi, hela inaingia kapu moja. Aliyekesha na gemu hiyo na aliyeigusa dakika kumi akaiacha wamelipa sawasawa. Baldur's Gate 3 ilitoka mwaka huohuo bila kupitia huduma hizi, watu wakainunua kwa mamilioni, na Larian walioiunda wakajua wazi nani amewalipa na kwa nini.

Mwenye huduma shida yake ni moja tu: usikatize malipo. Gemu unayoimaliza kwa saa nane tu, iliyopikwa ikaiva, itamfaa nini? Yeye anataka ya kukurudisha kila siku: ingia uchukue zawadi, kesho tena, nunua nguo za mhusika. Hadithi inavutwa, inavutwa, mpaka hujui ulikuwa unamtafuta nani.

Na msiniletee habari za bei nafuu. Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, kifurushi chao cha juu, ilipandishwa Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99. Hizo zilikuwa karibu shilingi 3,900 zetu kila mwezi! Kwa hela hiyo naingia mjini, nanunua diski iliyotumika, naimaliza, namuuzia mwingine na sehemu ya pesa inarudi mfukoni.

Mimi nimekatisha. Mwenye diski za gemu fupi za hadithi, aweke hapa jina na bei, nije nichukue.